Wa Mwisho Yuko Wapi?

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo kila mwandaaji wa mbio ndefu anapaswa kulala nalo na kuamka nalo: mtu wa mwisho yuko wapi? Wa kwanza hana shida. Mbele yake ipo pikipiki, juu yake ipo kamera, pembeni lipo gari la saa, na nyumbani watu wanamtazama kwenye televisheni. Nauliza juu ya yule ambaye saa nane za usiku yuko peke yake bondeni, tochi inafifia, tumbo limechafuka, na simu yake haishiki mtandao.

Jibu zuri la swali hilo, kwa maoni yangu, limetoka kwa watu wasiolipwa hata senti: wanaredio wa ridhaa. Ni watu waliofanya mtihani, wakapewa na serikali zao leseni pamoja na alama ya wito inayowatambulisha dunia nzima, wakaruhusiwa kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuisaidia jamii. Wapo walimu, mafundi umeme, wauguzi, wastaafu. Siku ya mashindano wanaamka alfajiri, wanapakia betri na antena garini, wanakwenda kusimama porini hadi usiku.

Chombo chao nitakachokieleza leo kilihudumia farasi katika siku zake za mwanzo. Mwaka 1984 Mmarekani Bob Bruninga, mtu wa jeshi la wanamaji ambaye baadaye alifanya kazi miaka mingi katika chuo cha jeshi hilo kule Annapolis, Maryland, aliandika programu kwa ajili ya VIC-20, kompyuta ndogo ya nyumbani ya siku zile. Kazi yake ilikuwa kupokea kwa redio habari za farasi waliokuwa kwenye mashindano ya kilomita 160, na kuonyesha yupi yuko wapi na ana hali gani. GPS haikuwa mikononi mwa raia wakati huo. Mtu alikaa kituoni, farasi akipita alisoma namba yake, akaiandika, habari ikarushwa. Mashindano ya farasi ya namna hiyo yana madaktari wa mifugo wanaompima mnyama njiani, na aliyechoka au anayechechemea huondolewa. Kwa hiyo habari za njiani zilikuwa na uzito: mwenye farasi anangoja mbali na hajui kama mnyama wake yuko njiani, amepumzishwa au ameumia.

Kutoka hapo ukakua mfumo tunaoujua leo kwa herufi nne, APRS. Herufi tatu za mwanzo zimo pia ndani ya alama ya wito ya Bruninga mwenyewe, WB4APR. Miaka ya mwanzo ya 1990 akauunganisha na vipokezi vya GPS, na hapo kazi ya kuandika kwa mkono ikaondoka. Hata hivyo ramani ilikuwa bado inadanganya kidogo, kwa sababu serikali ya Marekani ilipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Mahali palionyeshwa kwa kukosea hata mita 100. Mita 100 kwenye barabara ya lami si neno. Kwenye korongo, mita 100 ni ng'ambo ya mto, na mwokoaji akiteremka upande usio wake anapoteza saa nzima. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru upunguzaji huo ukomeshwe, na kwa usiku mmoja mahali pakajulikana kwa mita chache.

Unafanyaje kazi mfumo huu? Kipokezi cha GPS kinasoma mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti. Modemu ndogo inayotosha kiganjani inazigeuza tarakimu hizo kuwa milio miwili inayopishana upesi, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa hezi 2200. Redio ya kawaida ya mkononi au ya garini inairusha milio hiyo hewani. Ukiifungulia spika unasikia mkoromo mfupi tu, chini ya sekunde moja. Ndani ya mkoromo huo imo alama ya wito, mahali, mwendo, mwelekeo, na alama ya mchoro: gari la wagonjwa, baiskeli, mtu anayetembea, hata farasi. Kileleni mwa kilima kipo kituo kidogo, wenyewe wanakiita dijipita, kinachopokea ujumbe na kuurusha upya ili ufike mbali. Chini, katika chumba cha uratibu, kompyuta inaupokea na kuweka alama kwenye ramani.

Nataka ulizingatie hili, msikilizaji: katika safari hiyo yote hakuna mnara wa simu, hakuna intaneti, wala hakuna kampuni ya kulipwa. Kuna redio, betri na kilima. Amerika ya Kaskazini wanatumia masafa ya megahezi 144.390. Ulaya na Afrika ni 144.800. Intaneti ikiwepo, ujumbe huohuo unaweza kupitishwa kwenye mtandao, na mama aliye nyumbani akatazama gari la mwanawe likipanda mlima. Isipokuwepo, kazi haisimami.

Mtu akisikia hayo kwa mara ya kwanza husema: basi tumfungie kila mkimbiaji kifaa chake. Hapana. Masafa haya ni mamoja na yanatumiwa na wote. Ni kama baraza lisilo na mwenyekiti: wawili wakisema kwa pamoja hasikiki yeyote, na walio pande mbili za kilima hawasikiani, kwa hiyo kila mmoja hudhani uwanja ni wake. Ujumbe mmoja hukalia masafa kwa nusu sekunde hivi. Dakika nzima ingebeba ujumbe 120 kama wote wangepanga foleni, lakini hawapangi. Mahesabu ya mtandao wa redio wa ALOHA, uliojengwa Chuo Kikuu cha Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalionyesha kwamba watu wakirusha bila kupangiana zamu, kinachopita salama hakizidi asilimia 18 hivi ya uwezo wote. Piga hesabu mwenyewe: ni ujumbe 20 hivi kwa dakika, na hapo hujaondoa nafasi inayochukuliwa na dijipita ikirudia kila ujumbe. Ndiyo maana kwenye mashindano makubwa wanaredio hutafuta masafa ya pembeni kwa siku hiyo, wasiwazibie wengine njia, na hupanga kila kifaa kirushe baada ya muda gani. Mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa, kwa dakika 2 amesogea mita 170 tu. Ya nini kurusha kila sekunde 10?

Mimi naona upungufu huo umewafundisha hekima. Mtu mwenye vifaa 15 kwa wakimbiaji mamia analazimika kuamua nani avibebe, na hapo anagundua kwamba wakimbiaji wengi hawana haja ya kufuatiliwa. Wanaohitaji kufuatiliwa ni wanaosaidia. Gari la wagonjwa. Daktari aliye kwenye pikipiki. Lori la maji. Mabasi ya kuwachukua waliochoka. Na zaidi ya wote, gari la mwisho, au kama ni njia ya miguu, wale wawili watatu wanaotembea nyuma ya kila mtu wakihakikisha hakuna aliyebaki.

Fikiri juu ya gari hilo la mwisho. Mbele yake kuna watu, nyuma yake hakuna. Likipita kituo cha maji, wahudumu wa pale wanaweza kufunga meza na kwenda nyumbani. Likipita njia panda, polisi anaweza kufungua barabara. Bila kujua liko wapi, mambo mawili hutokea, na yote ni mabaya: ama watu wanakaa juani saa mbili zaidi wakingojea mkimbiaji aliyekwisha kujitoa, ama wanachoka, wanafunga, na mkimbiaji mwenye kiu anakuta meza tupu. Alama moja inayosogea kwenye ramani inaondoa yote mawili. Na kwa magari ya wagonjwa vivyo hivyo. Mtu ameanguka kati ya kituo cha nne na cha tano. Zamani mratibu angeita kwa sauti: gari namba moja, uko wapi? Namba mbili, uko wapi? Kila mmoja anajibu, mwingine anadakia, wa tatu hasikiki, dakika zinakwenda. Sasa anatazama ramani, anaona gari lililo karibu kwa njia ya barabara, analiita hilo peke yake. Sauti inabaki kwa mambo ya sauti: mgonjwa ana hali gani, anahitaji nini, tunampeleka wapi.

Jimbo la California kuna mbio ziitwazo Western States, kilomita 161 kutoka Olympic Valley, karibu na Ziwa Tahoe, hadi mji wa Auburn. Nazo zilizaliwa na farasi. Tangu 1955 wapanda farasi walikuwa wakishindana kwenye njia za milima hiyo, wakitakiwa kumaliza ndani ya saa 24. Mwaka 1974 Gordy Ainsleigh aliingia mashindano hayo kwa miguu yake mwenyewe, akamaliza kwa saa 23 na dakika 42. Wengi wakamfuata. Njia inashuka kwenye makorongo ya mto American, joto linachoma mchana, usiku ni giza, na sehemu nyingi simu hazishiki. Ndani ya makorongo hayo wanaredio wa ridhaa wamekuwa wakikaa vituoni mwaka baada ya mwaka, wakituma namba za walioingia na waliotoka. Hesabu yake ni rahisi: mtu aliyetoka kituo hiki na hajaingia kile, muda ukazidi, anatafutwa.

Kikomo cha Western States ni saa 30. Mwaka 2015 Gunhild Swanson, mwanamke wa miaka 70, alivuka mstari kwa saa 29, dakika 59 na sekunde 54. Zilibaki sekunde 6. Uwanja wote ulisimama kumshangilia. Nimemtaja kwa sababu watu kama yeye hukimbia usiku kucha mkiani mwa msururu, saa ambazo wahudumu wamechoka na tahadhari imelegea. Mashindano yanayomjali Gunhild Swanson ni yale yaliyoweka redio na watu macho hadi dakika ya mwisho kabisa.

Kuna siku swali la wa mwisho hugeuka ghafla kuwa swali la kila mtu. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia wa Marathoni ya Boston. Watu watatu waliuawa pale, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya wakimbiaji wakasimamishwa njiani wakiwa na nguo nyepesi na miili inayopoa. Kila mtu akashika simu kwa wakati mmoja, na mitandao ikalemewa. Wanaredio wa ridhaa walikuwa tayari wametawanyika njia nzima, kwenye mahema ya matibabu na vituo vya maji, na mawasiliano yao yakaendelea. Hawakuwa wamejiandaa kwa mabomu. Walikuwa wamejiandaa kwa watu wenye kiu na misuli iliyokaza, kwa utaratibu na nidhamu, na nidhamu hiyo ndiyo iliyofaa siku ya balaa.

Lakini nisikufanye uamini kwamba alama kwenye ramani inaokoa mtu. Tarehe 22 Mei 2021, katika mkoa wa Gansu nchini China, watu 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100. Mchana ule upepo, mvua na baridi kali vikawakuta juu ya mlima, wengi wao wakiwa na kaptula na fulana. Watu 21 walikufa. Wakimbiaji walikuwa na vifaa vya GPS. Mmoja wa walionusurika alieleza kwamba alibonyeza kitufe cha dharura, kisha akapoteza fahamu. Aliyemwokoa ni mchungaji wa kondoo aitwaye Zhu Keming, aliyembeba hadi kwenye pango alimokuwa amejikinga, akawasha moto. Mchungaji huyo aliokoa watu sita siku ile. Teknolojia ilisema mtu yuko wapi. Aliyekuwa karibu, mwenye moto na blanketi, ni mchungaji. Koti la kukinga upepo halikuwa sharti katika mbio zile, na waokoaji walikuwa mbali mno na pale watu walipoanguka.

Bruninga mwenyewe, aliyefariki Februari 2022, alikuwa akikerwa na watu walioona mfumo wake kama chombo cha kufuatilia magari tu. Kwake ulikuwa njia ya watu walio mahali pamoja, kwenye kazi moja, kupeana habari zote zinazowahusu: hali ya hewa, ujumbe mfupi wa maandishi, kituo kipi kimeishiwa barafu, daraja gani limejaa maji, nani anangoja msaada. Alikuwa sahihi. Alama bila mtu wa kuisoma na mwingine wa kuiendea ni pambo la skrini. Wanaredio wazuri niwapendao huanza na watu: nani atakaa wapi, atapumzishwa saa ngapi, atafikaje kwa mgonjwa kwa miguu barabara ikiisha. Kisha wanapanda vilima wiki kadhaa kabla kupima mawimbi yanafika wapi, kwa sababu masafa haya hayapindi nyuma ya mlima. Bonde lisilosikika linatafutiwa dijipita ya muda, antena juu ya mlingoti na betri chini yake, au linawekewa mtu wa kusema kwa sauti. Bonde la namna hiyo likigunduliwa siku ya mashindano, tayari ni kuchelewa.

Kuna mambo matatu ya uadilifu hapa ambayo waandaaji huyasahau. Kwanza, leseni ya ridhaa hairuhusu malipo, na kwa hiyo si haki kampuni inayovuna fedha kwa wadhamini na viingilio kuwatumia watu hawa kama vibarua wa bure. Wapewe chakula, usafiri, bima ya siku hiyo, na heshima ya kuketi kwenye mkutano wa maandalizi. Pili, mawimbi haya hayafichwi. Sheria za redio ya ridhaa zinakataza lugha ya siri, na yeyote mwenye kipokezi anasikia. Basi mgonjwa atajwe kwa namba ya kifuani, jina lake libaki kwenye karatasi ya daktari. Tatu, kifaa kinachorusha kwa alama ya wito ya mtu kinabaki mikononi mwa mtu huyo kisheria. Ni vizuri mwenye leseni akae ndani ya gari la mwisho yeye mwenyewe, mdomo na macho ya gari hilo, kuliko kufunga kifaa kwenye dirisha la dereva asiyejua kinachofanyika.

Vifaa vipya vinatokea kila mwaka. Ulaya sasa wanaredio wengi wanatumia teknolojia ya LoRa kwenye megahezi 433.775, kwa vibao vidogo vya bei nafuu vinavyotumia umeme kidogo sana. Wapo pia wafanyabiashara wanaokodisha vifaa vya setilaiti, na ni vyema, kwa mwenye fedha. Mikeka ya kusoma chipu wanazovaa wakimbiaji kwenye marathoni nayo ina kazi yake, ingawa inakuambia mtu alipita hapa saa ngapi, haikuambii kilichompata baada ya hapo. Hakuna kati ya hivyo kinachoondoa haja ya watu waliofunzwa kuzungumza kwa utulivu hewani.

Nasi je, Afrika Mashariki? Milima tunayo, na mbio tunazo. Watu wanakimbia Moshi chini ya Kilimanjaro, wanakimbia Lewa kaskazini mwa Kenya ndani ya hifadhi yenye vifaru, na mbio za milimani na za baiskeli kwenye barabara za vumbi zinazidi kuongezeka. Wageni wanakuja, vijana wetu wanashiriki, na nje kidogo ya mji simu hukatika vilevile. Wenye leseni za redio ya ridhaa wapo pia, wenye alama zinazoanza na 5Z Kenya, 5H Tanzania na 5X Uganda, ila ni wachache mno kwa ukubwa wa nchi zetu. Vijana wanaosoma elektroniki na kompyuta vyuoni hawaambiwi kwamba mlango huu upo. Naona ni hasara kubwa. Kijana mwenye kibao kidogo, redio ya mkononi na leseni anaweza kufanya mlimani kazi ambayo kampuni ingedai mamilioni, na akaifanya kwa moyo.

Basi nina ombi kwa wawili. Wewe kijana, nenda ukaulizie leseni, Tanzania kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Usirushe mawimbi bila leseni hata kwa nia njema. Nawe mwandaaji wa mbio, watafute wenye leseni mapema, kabla ya kuchapa fulana na kuagiza medali. Wapeleke kwenye njia yako, waache wapime mabonde. Kama kifaa kilichopatikana ni kimoja tu, kifungwe kwenye gari la mwisho, na pasiwepo mtu wa kufunga kituo chochote kabla gari hilo halijapita.